Siku Niliyotoa Shahada kwa Daktari wa Mgongo

Nichekeni tu, maana mtaa wetu mzima wa Bofu umeshanicheka, lakini niacheni nisimulie mwenyewe, kwa sababu ile hadithi inayosimuliwa kwa kinyozi imetiwa chumvi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka kazini nafikia kwenye kochi, na kochi lenyewe limeshalijua umbo langu. Sasa mamamkwe alikuwa anahama Mtongwe kuja mtaani kwetu, na kabati lake la mvule likawa fungu langu kulibeba, nami nikawaita mahamali wawili wakalibeba (yeye hakuwepo, alikuwa ametangulia na vyungu vyake), kisha nikarudi kwenye kochi nikalala nimejikunja, na nilipojinyoosha kuokota rimoti chini, kiuno kikashika papo hapo.

Mamamkwe akanikuta nimepinda. "Masikini mwanangu! Kabati langu limekuvunja!"

Nami, badala ya kusema ukweli, nikagumia, "Si neno, mama."

Maneno matatu tu. Tangu siku hiyo, kila asubuhi ikawa naletewa supu ya kongoro na mahamri ya moto, nami nala huku nimeinamisha uso (kwa haya kidogo, kwa njaa zaidi). Wiki mbili zikapita hivyo, kisha mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi, na hapo hata supu ikawa haipiti. Nikajiona nasukumwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka siku ya mwisho wangu.

Mke wangu, Mwanaisha, akapata habari za daktari mmoja Bamburi anayetibu mgongo na viungo kwa mikono mitupu, ostiopathi wanamwita. Nikamuuliza jirani yangu Katana kama anawajua watu hao.

"Hao? Wanakushika wanakuzungusha. Binamu yangu alisikia mifupa yake ikilia."

"Akapona?"

"Sijui. Alihamia Voi."

Basi nikaenda na Mwanaisha, roho mkononi. Na mamamkwe akakataa kubaki. "Mzigo ulikuwa wangu, nitakwenda nami."

Nilitarajia mashine, kumbe kwanza ni maswali. Kazi gani unafanya, unalalaje, ganzi inafika wapi, haja ndogo inakwenda sawa (mbele ya mkwe!), na lile swali lenyewe: "Uliumiaje?"

Sikuwahi kufungua mdomo. "Kabati la mvule, daktari," akajibu mamamkwe, "peke yake!"

Daktari akanitazama, nami nikatazama dari. Kisha akawaomba wanawake wakae nje, na huko nje kulitengwa na pazia tu, na wagonjwa wanne wamejipanga kwenye benchi. Akaniambia nivue nibaki na bukta (yenye tundu, nani angejua?), nisimame, niiname mbele, niiname upande, huku vidole vyake vikishuka pingili moja moja. Akanong'ona, "Huu si mgongo wa mtu aliyebeba kabati, ndugu yangu. Huu umelala vibaya."

Jasho likanitoka. Akanilaza ubavu, akanieleza jambo refu, nami masikio yote yako kwenye pazia, je, mama amesikia?

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari." (Wallahi sikuambulia hata neno.)

Akanikumbatia kama tunaopigana mieleka, bega akalisukuma huku, kiuno akakivuta kule, na mgongo wangu ukasema KWA!

Niliusikia mpaka kwenye meno. Nikajua nimeshakatika vipande viwili, nikapaza sauti, "Ashhadu an la ilaha illa Allah!" na nilipomaliza shahada nikaona bado nina pumzi kidogo, basi nikaomba radhi: "Mwanaisha, nisamehe! Mama, nisamehe! Kabati sikulibeba mimi, walibeba mahamali! Mimi nilikuwa kwenye kochi naokota rimoti!"

Daktari akaniachia bega.

"Huo ndio mlio niliokueleza," daktari akasema taratibu. "Ni kiungo tu. Hujafa. Inuka polepole."

Nikainuka, na kiuno, chepesi! Akaniambia maumivu madogo ya siku mbili ni kawaida, ninywe maji, nitembee, nimpigie simu ganzi ikizidi, na kochi nilipe talaka. Nikavaa taratibu kuliko siku zote za maisha yangu, kisha nikafungua pazia. Bibi mmoja kwenye benchi alikuwa anafuta machozi kwa leso. Mwanaisha amejiziba uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Mamamkwe peke yake hacheki.

"Supu yangu," akasema. Basi.

Tulipofika kwenye feri, akanigeukia.

"Wale mahamali walikuwa wangapi?"

"Wawili, mama."

"Kitanda changu bado kiko Mtongwe. Daktari akikuruhusu, utakibeba wewe."

Na nilikibeba, mwezi uliofuata, Katana ameshika upande wa pili, mama akisimamia. Kwa hivyo nawaambieni, mkienda kwa daktari huyo vaeni bukta nzima, msikilizeni akieleza habari za mlio, na akiuliza uliumiaje, jibuni wenyewe, na jibuni kweli. Mimi sirudii uongo tena. Ganzi imekwisha, natembea nimenyooka, na kila asubuhi nafanya mazoezi ya mgongo dirishani, huku harufu ya kongoro ikitoka nyumba ya mamamkwe na kunipita kwenda kwa wengine.