Matairi Juu ya Jiko la Mama Nyaboke

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Nyamarambe, nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi likanyooka. Bwana Msimamizi wa Afya ya Umma alinitazama, akacheka, akanikabidhi upawa wenye mpini mrefu. Nilidhani napelekwa jikoni. Kumbe ndicho kifaa chetu: unachota maji yaliyotuama, unayaangalia kwenye mwanga, unatafuta viluwiluwi, yaani mbu kabla hawajaota mabawa. Wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Wa dengue na chikungunya huning'inia kichwa chini, na hao hupenda sana tairi kuukuu, kwa sababu hata ukilisimamisha hubaki na maji ndani. Niliipenda kazi hiyo tangu asubuhi ile.

Baadaye nikahamishiwa Birongo. Huko kila boma lilikuwa na tairi: la kupandia maua, la watoto kusukuma, la kukandamiza mabati yasing'olewe na upepo. Mkuu wangu, Afisa wa Afya wa Kaunti Ndogo, alikuwa mgeni kutoka pwani, mchapakazi asiyesikiliza visingizio. Alipata lori, akatangaza kwamba Jumamosi kila mtu atoe matairi barabarani. Atakayekataa apewe ilani ya kufikishwa mahakamani.

"Mkuu, Jumamosi Birongo iko kanisani," nikamwambia, maana wengi kule ni Wasabato.

"Lori ni la siku hiyo tu, Mama Moraa. Mbu hawana Sabato."

Wa kwanza kukataa alikuwa Mama Nyaboke, mjane wa umri wa mama yangu. Matairi yaliyokuwa juu ya paa la jiko lake yalijaa viluwiluwi, na mjukuu wake alikuwa ametoka hospitali juzi juzi kwa homa. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, akanimiminia chai, kisha akasema, "Daktari, hiyo nimesikia. Lakini hayo matairi yakishuka, mabati itaenda na upepo. Na mimi niko na nani wa kupanda huko juu?"

Ilani ilikuwa mkobani. Mkono ulikataa kabisa kuitoa, nikanywa chai yangu na kuaga.

Nilikwenda kwa mzee wa kanisa la Wasabato, kisha kwa Mzee Ongeri, mwenyekiti wa wanaume Wakatoliki, mtu wa mzaha asiyechoka. Tukapatana: Jumamosi Wakatoliki wakusanye matairi ya maboma yote, na Jumapili, Wakatoliki wakiwa Misani, Wasabato wawachumie majani chai. Mzee Ongeri alidai kwamba Wasabato watachuma majani magumu kwa makusudi. Nikamwomba jambo moja zaidi: akienda kwa Mama Nyaboke, abebe nyundo na misumari.

Jumamosi hiyo nilishika ngazi mwenyewe. Matairi yakashuka yakitumwagia maji machafu, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mama Nyaboke alirudi kutoka ibadani, Biblia kwapani, akasimama langoni.

"Ni nani amepanda kwangu?"

"Ni mimi, Mama," akajibu Mzee Ongeri akiwa juu, msumari mdomoni. "Nashuka sasa hivi, nimesikia harufu ya ndizi."

Mama Nyaboke akaingia jikoni kupasha ndizi za watu wote.

Lori liliondoka limejaa. Mkuu aliponiuliza ni nani aliyepewa ilani, nilimwambia sikumpata wa kumpa. Kuanzia hapo, kabla ya kutangaza siku yoyote, alikuwa akiniuliza kwanza nani atakuwa kanisani.

Sasa nimestaafu, niko kwangu Kiogoro, na nina furaha. Maafisa vijana huja kuniuliza jinsi ya kuwashughulikia watu wakaidi. Huwaambia waulize kwanza lile tairi linashikilia nini. Kisha huwasimulia juu ya wiki iliyofuata Jumamosi ile, upepo wa mvua ulipoikumba Birongo hata migomba ikalala. Nilikimbia kwa Mama Nyaboke nikihofia mabati yake. Nilimkuta jikoni akisonga ugali, mabati yakipiga kelele juu yake bila kung'oka, na hata hakuinua macho.