Sanduku Nililowatunzia Wageni

Nina miaka ishirini na mbili katika chumba cha vifaa vya upasuaji. Naosha mikasi na makoleo, nakagua meno yake moja moja, nafunga kwenye vitambaa, natia kwenye mashine ya mvuke. Nilianza kwa kupiga deki, na shule yangu ni darasa la saba. Kwa neema ya Mungu, tangu nikabidhiwe kabati hakijapotea hata kisu kimoja. Jambo hilo nililijivunia kuliko ilivyofaa.

Mwaka juzi hospitali yetu ilianza ushirikiano na madaktari wa ng'ambo. Walikuja kufundisha upasuaji wa tundu, ule wa kupitisha kamera na vyuma virefu kwenye tundu dogo la tumbo. Walipoondoka walituachia sanduku la mazoezi. Unaingiza vyuma ndani, unashona sponji huku ukitazama kioo kinachoonyesha picha ya kamera. Walisema madaktari wetu wanaojifunza washone kila siku, na baada ya mwaka wageni wangerudi kuchagua mmoja wa kwenda kwao kusoma miezi sita.

Mimi nikalifungia sanduku kabatini. Nyumbani kwangu vikombe vizuri ni vya wageni, na hapo sikuona tofauti.

Akaja daktari mmoja wa kike, umri wa kitindamimba wangu.

"Shikamoo, mama. Naomba lile sanduku."

"Marahaba, mwanangu. Lile la wageni. Kamera ikivunjika tutawaambia nini?"

"Lakini mama, wametuachia sisi."

"Ngoja nimuulize mkubwa."

Sikumuuliza. Alirudi mara ya pili, na ya tatu, nikamjibu hivyo hivyo. Kaka mmoja anayewapa wagonjwa nusu kaputi akanitania, "Mama, hilo sanduku ukizidi kuliweka litadai pensheni!" Tukacheka sisi wawili. Daktari hakucheka. Alitoboa boksi la viatu, akaweka simu yake juu iwe kamera, akawa anashonea humo kwa vyuma vya zamani nilivyompa, vilivyolegea.

Wageni waliporudi nililitoa sanduku mwenyewe, nimelifuta mpaka linang'aa. Nilingoja kusifiwa. Kiongozi wao, mama mwenye mvi, akagusa nailoni iliyokuwa bado imebandikwa kwenye kioo, akasema neno. Daktari bingwa wetu akatafsiri kwa sauti ya chini, "Anauliza, hamkulitumia hata siku moja?"

Yule binti daktari akaambiwa ashone. Vyuma vipya vilikuwa vimekaza, na vidole vyake vilizoea vile vilivyolegea. Sindano ikamponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena. Mgeni akaandika kitu kwenye karatasi yake.

"Mwaka mzima ulikuwa unafanya nini?" bingwa akamuuliza mbele ya watu wote.

Akanitupia jicho mara moja tu, akainama. "Nisamehe, daktari."

Uso uliniwaka. Nikaomba moyoni, Ee Mungu, nifungue mdomo.

"Ni mimi," nikasema. "Aliniomba mara tatu nikamnyima. Nilikuwa nawatunzia wageni."

Bingwa akatafsiri. Yule mama akanitazama bila hasira.

"Anasema wao wanayo mengi kwao," bingwa akaniambia. "Hili lilikuwa lenu."

Afadhali angenigombeza.

Nafasi ile ilikwenda kwa daktari wa hospitali nyingine, aliyekuwa akishona kila siku. Wa kwetu aliambiwa ajaribu mwakani. Sanduku nililibeba siku hiyo hiyo nikaliweka juu ya meza ya chumba cha madaktari, lakini mwaka wa mtu hauwekwi mezani ukarudi.

Jioni nilimkuta akinawa mikono, nikamwomba radhi.

"Yameisha, mama."

"Hayajaisha, mwanangu. Mbona hukunisemea kwa bingwa mapema?"

Akageuka, maji yanamchuruzika viganjani, akanishangaa kweli.

"Nikusemee wewe? Mtu mzima, mama yangu hapa kazini? Ningeanzia wapi?"

Nilikosa pa kuweka macho. Mwaka mzima mtoto wa watu alinistahi kwa hasara yake mwenyewe, nami nilidhani ananyamaza kwa sababu hana shida sana. Nikamshikia kitambaa cha kukaushia. Akakipokea kwa mikono miwili, akaniambia, "Asante, mama."