Amina Si Kura

Shangazi yangu, fundi cherehani, anaitwa Mama Amina, na wala hana mtoto wa jina hilo. Alilipata kwenye ibada: dua ikiisha, "Amina!" yake hutangulia, madirisha yakatikisika, ndipo wengine tunaitikia.

Diwani wetu, mjanja yule, aliijua tabia hiyo. Kwenye mkutano wa wananchi, katika ukumbi wa shule, alimkalisha shangazi kiti cha mbele, akatuomba tusimame, tufumbe macho, akaanza kuomba. Aliombea wagonjwa, akaombea mvua, kisha bila hata kuvuta pumzi: "...na utubariki sisi tuliokubali kiwanja cha shule kiuzwe."

Ukumbi mzima ulimsubiri shangazi, na karani wa mkutano ameshika kalamu, tayari kuandika kwamba tumekubali.

Shangazi akafumbua macho. "Mheshimiwa, hapo mwisho ulikuwa unaongea na Mungu au na sisi?"

Watu wakaangua kicheko.

"Mama, usiingilie sala!" diwani akafoka.

"Umeiingilia wewe! Amina yangu ni ya Mungu. Wewe omba kura yangu ya mkono, kama wananchi wengine wanavyoombwa."

Karani hakuwa na la kufanya. "Wanaokubali kiwanja kiuzwe, wanyooshe mikono."

Shangazi akaifumbata kifuani mikono yake yenye alama za sindano. Nasi tukaifumbata yetu. Ukumbini ulisimama mkono mmoja tu, wa diwani mwenyewe, nao ukashuka taratibu.

Ndipo shangazi akafumba macho tena.

"Amina!"

Madirisha yakatikisika.