Kibuyu cha Bibi Njiani kwenda Goma

Mwanangu, kuna siku moja ambayo siisahau mpaka leo. Ilikuwa wakati wa vita hapa Ituri. Nyumba yetu ya mtaa wa Lumumba ilikuwa imechomwa, nami nikapanda kamio, lori la mizigo, peke yangu, nikimbilie kwa mjomba Goma. Mkononi nilishika kibuyu cha maziwa cha bibi yangu. Sisi wafugaji tunavifukiza vibuyu vyetu, na harufu ile ya moshi haitoki. Mama alinisihi nikiache, maana harufu ingenitambulisha. Mimi na ubishi wangu, wapi!

Juu ya magunia nilikaa na Mama Dorika, mkulima wa Djugu. Watu wake na watu wangu walikuwa wanauana, kwa hiyo hatukusemezana.

Tulipopita Komanda, vijana wenye bunduki wakasimamisha kamio. Walikuwa wa upande wa Mama Dorika. Mfugaji waliyemtambua walimshusha, wakampeleka porini, na hakurudi. Mama Dorika akaninyang'anya kibuyu, akafungua fundo la kitenge chake, akamimina mbegu za maharage ndani.

Kijana mmoja akapanda, akanusa. “Kibuyu hii ya moshi ni ya nani?”

“Ni yangu, ya mbegu! Mama yako hafukize mbegu? Wadudu iko inakula zenu zote? Na huyu ni mukamwana wangu, muke wa mutoto wangu. Shuka, unanikanyangia magunia!”

Akaona haya, akashuka. Nilikuwa nimejikojolea, mwanangu. Usicheke.

Karibu na Goma kamio ikakwama, tukatembea juu ya mawe meusi yaliyotemwa na mlima wa moto. Jangwa tupu, hakuna jani wala ndege, na joto linapenya viatu. Nikamwuliza, “Mama, uliniokoa kwa nini?”

Akanikemea. “Niache mutoto wa mutu auawe juu ya kibuyu? Siku ingine wakikuambia uache kitu, acha! Kibuyu inaota mu shamba. Weye hauote.”

Akanirudishia kibuyu, mbegu zikiwa ndani. Maharage uliyokula hapa kwangu mchana huu yametoka kwenye mbegu zile.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Vitu viache, shika roho yako. Na siku wakikuuliza huyu aliye karibu nawe ni wa nani, usianze kufikiria kabila lake. Sema ni wangu.

Mungu akuvushe kila barieri, kila kizuizi cha njiani, na popote utakapokaa, akuweke karibu na mtu atakayekuita wake.