Koti la Sufu na Nondo wa Aina Mbili

Mama mkwe wangu ni fundi wa nguo, mtaa mzima unamwita Sindano. Alipofiwa na mumewe alifunika cherehani, akaacha kutoka nje. Koti la sufu la marehemu akalikunja, akalifungia sandukuni. Halianikwi, haliguswi.

Basi nondo wakajaa nyumbani, hadi juu ya debe langu la unga. Mimi subira sina. Nikamwambia, "Mama, ni hilo koti. Leo nalitia kiberiti."

"Utanichoma na mimi ndani yake," akajibu. Kisha akaleta bilauri mbili. "Kamata mmoja huko jikoni. Mimi nitakamata wa chumbani kwangu. Tuwatazame."

Lo! Wa jikoni mabawa yake yalikuwa rangi mbili: karibu na kichwa kijivu, kuelekea ncha mekundu ya shaba. Wa chumbani alikuwa mdogo zaidi, mwili mzima rangi ya majani makavu, na kila nikimsogeza dirishani anakimbilia penye giza. Huyu na unga wapi na wapi! Basi wa jikoni hawakutoka kwenye koti. Nikafungua debe: unga umeshikana nyuzi nyuzi, viwavi wanajivuta ndani. Nyani haoni kundule. Nikaenda kuumwaga kimya kimya.

Niliporudi, sanduku lilikuwa wazi. Mama amelipakata koti, mkono mmoja umeliwa matundu matundu, na yeye analia.

"Huyu wangu hapendi mwanga, wala nguo inayovaliwa," alisema. "Nilidhani namtunza mzee. Kumbe nanenepesha watoto wa nondo."

Moyo uliniuma, jamani. Tulilipiga brashi pamoja, tukalianika juani kutwa. Jioni akafunua cherehani, akakata sufu kidogo kwenye pindo, akatia viraka. 

Kulipokucha nikamkuta mlangoni, koti limemfika magotini, mkasi mkononi.

"Nimependeza, au nimefanana na mlinzi?"

"Mlinzi hasa, Mama. Nondo watakupigia saluti."

Akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka.

"Basi usisimame hapo, mwanangu. Nibebee cherehani hadi barazani, wateja wasije wakadhani nimekufa na mimi."

Nikaibeba. Nzito hiyo, asikwambie mtu! Nikamfuata nje.