Sine die kwa Kiswahili

Miaka ile miwa ilipopandwa mpaka kando ya vyoo, nilikuwa mpiga taipu wa wakili mmoja mjini Kakamega. Mzee huyo alipenda Kilatini kuliko chai, nami sipendi kuandika kitu nisichokielewa. Nikachora daftari safu tatu: Kilatini, Kiingereza, Kiswahili. Bona fide, in good faith, kwa nia njema. Nilijivuna nalo mno, hata kuliko Kiingereza changu chenyewe.

Akaja mama mmoja mjane kutoka Musanda. Shemeji yake alikuwa amejaza miwa kwenye shamba la marehemu mumewe na kuliandikisha kwa jina lake mwenyewe. Kesi ilitajwa mara moja tu, hakimu akahamishwa, faili likarudi limeandikwa sine die. Kamusi ilisema: without a day. Nikamwuliza wakili siku ya kusikilizwa itakuja lini. Akacheka. "Labda wajukuu zake wataiona."

Mama alikuwa kwenye benchi, ananitazama mdomoni. Ningemwambiaje? Nikasema, "Mama, siku bado haijapangwa." Safu ya tatu nikaiacha tupu, nikajiona nina utu kweli.

Basi akawa anakuja kila Jumatano, na njugu za kuchemsha amenifungia kwenye karatasi. "Mimi nakujanga mapema," alisema, "wasije wakaniita nikiwa sipo." Na njugu zenyewe nikazila, jamani! Kila wiki nilisema nitamwambia, kila wiki nikamwuliza habari za nyumbani.

Mwezi wa tano akaja amelowa chapachapa, miguu imevimba. Nikashindwa kuvumilia. Nikafungua daftari, nikaweka kidole kwenye neno lile.

"Mama, maana yake ni bila siku. Hakuna siku waliyopanga, na huenda wasipange kamwe. Usijisumbue tena kuja."

Hakulia. Aliniuliza tu, "Umejua tangu lini?"

Nilitamani kudanganya tena, lakini ulimi ulikataa. "Tangu mara ya kwanza."

Alikamua maji kwenye leso yake. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Ndugu yangu alinipa kipande nilime kule kwake," alisema. "Nikamwambia angoje kwanza, niko na kesi. Sasa, mwanangu, amempa mtu mwingine, na mahindi ya wenzangu yamefika magotini."