Mnunuzi wa Kila Ijumaa

Harufu ya wali wa mdalasini ikinifikia, namwona yule mnunuzi ameegemea ukuta wetu wa matofali, anatafuna. Baba alikuwa amepata kazi kwa Wazungu wa mgodi kule Salamabila, kwa hiyo nyumba yetu ya Kasongo ilibidi iuzwe. Mama hakutaka kuhama, lakini mgeni lazima ale. Kila Ijumaa yule bwana alikuja kukagua nyumba saa ya chakula, na hakuwahi kwenda zaidi ya sebule. Majirani, wa msikitini na wa misheni, wakaanza kumsalimia kama mwenyeji. Ijumaa ya nne Baba akamuuliza kama ameamua.

"Nyumba iko muzuri, ndugu yangu," akajibu, akilamba vidole. "Lakini mukihama, nani atanipikia?"

Baba akamgeukia Mama. Mama, macho chini, akamwongezea mgeni wali.